Tarishi wa Saa ya Khutba

Mimi si mtu wa kusimulia. Nilisoma mpaka darasa la nne, nikatoka nikaenda kulima, na barua nilizoandika maishani mwangu zinahesabika kwa vidole. Basi usidhani nimekaa nikatunga. Haya yalinipata mchana, jua likiwa utosini, juu ya lami ya Serikali pale Chake Chake. Sikuwa na homa, sikuwa nimelala, sikuwa nimetafuna kitu. Na pale ambapo sikuona vizuri nitakwambia sikuona vizuri, maana anayehusika ni ndugu yangu wa tumbo moja, naye ni marehemu. Kumtilia chumvi maiti ni dhambi nisiyoiweza.

Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru. Katika mji ule mkuu wa kisiwa chetu palikuwa na barabara moja ambayo sisi watu wa shamba tuliiita Njia ya Serikali. Haikuwa ndefu. Ukitia tambuu kinywani mbele ya posta, unafika kortini hata haijakolea. Lakini mambo yote yanayomtia mtu baridi ya tumbo yalikuwa yamepangwa juu ya njia hiyo: ofisi ya DC, polisi, korti, na nyuma ya korti nyumba ya mahabusu yenye vidirisha vya juu. Kuta zilikuwa nyeupe, mawe ya pembeni yamepakwa chokaa, na lami ilinata kwenye viatu jua likiwa kali. Mtu wa Vitongoji, kijiji chetu, akiingia njia ile alikuwa akiteremsha sauti yake mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Hata mbuzi wa mjini, niamini, walikuwa wakipita pembeni.

Nilikwenda kwa ajili ya mdogo wangu, Faki.

Miaka ile ilikuwa ya siasa. Kama hukuwapo huwezi kuijua. Watu wa kijiji kimoja, waliokuwa wakiazimana moto, walifika mahali hawaitikiani salamu, hawazikani. Basi harusini kwa mjomba wetu Faki ndiye aliyekuwa mpishi wa pilau. Akaja jirani wa upande wa pili kuchukua sahani kama watu. Faki akasema neno, jirani akajibu neno, Faki akampiga upawa wa mdomo. Jino likatoka. Mji mzima ukaiita kesi ya upawa, watu wakawa wanacheka, lakini Faki alikwishalala usiku kumi na moja mahabusu na mama alikuwa hali kitu ila uji wa jioni. Mimi nilikuwa na kishamba cha mikarafuu kwa jina langu, kwa hiyo nikakubaliwa kuwa mdhamini wake. Nilichotakiwa ni kimoja tu: nikiitwa, niitikie.

Sasa hapo ndipo palipo na jambo. Kwetu mtoto hufunzwa kabla hajajua kufunga kikoi chake: ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitike. Ngoja mara ya tatu. Kiumbe kibaya, wazee walisema, hakina pumzi ya kuita mara tatu. Mama alitufunza hivyo sote wawili. Mimi nilishika. Faki alikuwa mtoto wa kuitikia kabla jina halijaisha, na alipigwa kwa hilo zaidi ya alivyopigwa kwa kuiba nazi.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Nilitoka Vitongoji na adhana ya alfajiri, nikafika kortini hata fundi wa kufuli hajafungua duka lake. Pale kibarazani nikamkuta tarishi wa korti, mzee mmoja jina lake Shaame, mfupi, nguo za kaki, tarbushi nyekundu, fimbo mkononi, na sauti inayofika bandarini.

"Weye wa Vitongoji?" akaniuliza.

"Ndiye, Ami."

"Hebu nisikilize, yakhe, maana nyie kwenu ntu akiitwa anatafuta kichochoro. Hapa naita mara tatu. Mara tatu tu. Ya tatu ikipita na ntu kimya, Bwana Hakimu anafunga faili, na nduguyo anarudi kule nyuma mpaka mwezi mwengine. Umenifahamu?"

"Nimekufahamu, Ami."

"Una masikio mangapi?"

"Mawili."

"Basi leo yote yako kazini."

Watu waliokuwa wakingoja kwenye benchi wakacheka. Bibi mmoja aliyekuja kwa ugomvi wa mpaka wa shamba akamwambia, "Mwache mtoto wa watu, Shaame. Weye mwenyewe mkeo akikuita huitiki mpaka akutaje na babu."

Wakacheka zaidi, na Mzee Shaame naye akacheka. Mimi sikucheka. Nilikaa ukingoni mwa benchi nikawa nasikiliza kila jina linaloitwa kama mtu anayesikiliza mvua juu ya paa bovu. Saa mbili, saa tatu, saa tano. Kesi ya mpaka ikaitwa, kesi ya ng'ombe ikaitwa. Yetu haikuitwa. Kila mlango ulipofunguliwa nilisimama, halafu nikakaa tena. Nilitamani kwenda haja nikaona haya kuuliza, nikajizuia.

Ilipokaribia saa sita korti ikasimama kwa ajili ya sala. Mzee Shaame akapita mbele yangu akijifuta jasho.

"Wako ndio wa mwanzo tukirudi," akasema. "Twende tukasali."

"Nakuja, Ami."

Sikwenda. Hili ndilo kosa langu la kwanza na silifichi. Msikiti haukuwa mbali. Ningekwenda, ningerudi, na kila kitu kingekuwa mahali pake. Lakini nilisema moyoni, je, wakirudi kabla yangu? Je, imamu akirefusha? Nikimkosesha Faki nitamwambia nini mama? Nikabaki. Katika maisha yangu hiyo ilikuwa Ijumaa ya kwanza kuikosa nikiwa mzima wa afya.

Njia ikamwagika watu, halafu ikakauka. Maduka yakafungwa, baiskeli zikaegemezwa ukutani. Askari nao walikwenda, akabaki mmoja tu ndani kwa mahabusu, mtu wa bara ambaye hakuwa Mwislamu. Mimi nilikuwa nje peke yangu. Adhana ya pili ikatoka, halafu kimya, nikajua khatibu amepanda mimbari. Kimya cha saa ya khutba hukijui mpaka uwe nje yake. Siku zote nilikuwa ndani, bega kwa bega na watu; sikuwahi kujua kuwa huku nje mji huwa hivi. Kwetu tulikuwa tukiambiwa kwamba saa ile njia huachiwa wasiosali. Nilikuwa nikidhani ni maneno ya kuwatisha wavulana watoro.

Ndipo nilipomwona tarishi akitoka upande wa posta.

Mwanzo nilifurahi. Nikasema, Alhamdulillahi, kuna mtu. Alikuwa na nguo za kaki, tarbushi nyekundu, daftari kubwa kwapani. Hakuwa Mzee Shaame. Huyu alikuwa mrefu na mwendo wake ulikuwa wa pole, wa mtu aliyekwisha kuifanya kazi ile siku nyingi. Watu niliowasimulia huniuliza, je, alikuwa na kwato? Alikuwa na kivuli? Kivuli cha nani huonekana saa sita mchana? Na miguu yake sikuiangalia. Siwezi kukwambia nisichokiona.

Nilichokiona ni hiki. Alipanda kibaraza cha posta, na mlango wa posta ulikuwa na kufuli. Akafungua daftari, akaita jina. Akangoja. Akaita tena, akangoja, akaita mara ya tatu. Kisha akalifunga daftari, akashuka, akaja kibaraza cha pili, akafanya vilevile. Mara hii niliyashika maneno. Aliita jina la mwanamume, halafu "mwana wa," halafu jina la mwanamke. Nikasema, labda ni kesi ya mtoto asiye na baba. Mwenyezi Mungu anisamehe, ndivyo nilivyosema.

Lakini mwili wangu ulikwishajua kabla yangu. Serikali humwandika mtu kwa jina la baba. Kwetu mtu hutajwa kwa jina la mama mahali pawili: kwa mganga anayepiga ramli, na kaburini. Pale watu wakishafukia, shehe hukaa kichwani pa kaburi akamsomea maiti talkini, akamwita, ewe fulani mwana wa fulani, wakikujia wale malaika wawili wakakuuliza, wajibu hivi na hivi. Hakuna kwingine. Sasa huyu tarishi mwenye daftari alikuwa anasoma talkini ya nani, katikati ya mji, na hakuna jeneza?

Jambo jengine. Alipokuwa posta sauti yake nilikuwa naisikia kama mtu aliyesimama hatua kumi kutoka kwangu. Alipofika ofisi ya DC, ambayo ni karibu zaidi, ilikuwa ni ile ile. Haikupanda. Alipofika kibaraza cha polisi, mkabala nami, nikimwona mpaka jasho kwenye ukosi, sauti ilikuwa bado ni ya hatua kumi.

Akafungua daftari akaniita mimi. Jina langu. Halafu akataja la mama.

Jina la mama sitaliandika hapa, wala langu. Utaniwia radhi.

Nieleze nini zaidi? Nilisimama. Miguu ilisimama yenyewe kwa sababu tangu alfajiri nilikuwa nimeifunza kusimama nikiitwa. Mdomo ulikwishafunguka. Neno "naam" lilikuwa juu ya ulimi, na lau Mwenyezi Mungu asingelikausha koo langu, lingetoka.

Akangoja. Akaita mara ya pili.

Hapo nikaanza kubabaika vibaya. Je, kama ni tarishi wa kweli? Kama ni mgeni kutoka ofisi ya Unguja na kwao huandika kwa majina ya mama? Kama hakimu yuko ndani na mimi nimesimama hapa bubu, na Faki anarudi mwezi mzima kwa upumbavu wangu? Nikatazama mlango wa korti. Ulikuwa umefungwa, na mti umepitishwa kwa nje. Nikasema, basi ngoja. Mama kasema mara ya tatu. Kiumbe kibaya hakina pumzi ya mara ya tatu.

Akaita mara ya tatu.

Hakukazana. Aliita kama mtu aliyechoka, kwa upole, kama anavyokuamsha mtu anayekuonea huruma. Na ndugu yangu msomaji, nilipomwangalia uso ulikuwa wa mtu ninayemjua. Mpaka leo sijui ni nani. Ni kama ule uso unaoukuta kwenye kila hitima, mtu amekaa kando, anakula sehemu yake, hakuna anayemuuliza ametoka wapi.

Nilivua kofia yangu nikaing'ata. Niliing'ata mpaka nikasikia uzi unakatika kwenye meno.

Hakukasirika. Alinitazama kidogo, kama karani aliyeambiwa kwamba mtu huyu hayupo. Akalamba kidole, akafunua ukurasa. Kisha akageuka upande wa nyuma ya korti, kwenye vile vidirisha vya juu.

"Faki," akaita, "mwana wa—" na akataja jina lile lile la mama.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipo mimi mpaka leo. Nilijua. Sitasema sikujua. Nilimjua ndugu yangu, nilijua hajawahi kungoja mara ya pili, nilijua amekaa kule usiku kumi na moja akisikiliza jina lake. Ilikuwa neno moja tu, nyamaza. Au ningepiga kelele yoyote, ningepiga mlango kwa ngumi, ningelia kama mbuzi. Lakini nilisema: nikitoa sauti sasa, itahesabiwa kuwa nimeitikia. Nilihofia nafsi yangu. Kofia ilikuwa bado mdomoni na mkono wangu mwenyewe uliishikilia pale.

Na kutoka dirishani, kwa furaha, hata jina halijatulia hewani, nikasikia:

"Naam! Nipo! Nipo hapa!"

Tarishi akatia alama kwenye daftari. Akaliweka kwapani, akaenda zake kwa mwendo ule ule wa pole, akapinda nyuma ya posta. Mara nikasikia "Amin" ya watu msikitini, nikajua wamo ndani ya sala. Nikakaa chini juu ya lami. Nilipoinuka suruali ilikuwa imenata lami, ile alama haikutoka tena.

Watu wakarudi. Mzee Shaame akanitazama.

"Weye hukwenda kusali?"

Nilitikisa kichwa.

"Uso wako umekuwa kama ubao wa chuoni uliooshwa. Una nini?"

Akanipita, akaingia, na baada ya kitambo akatoka kibarazani akaita jina langu, kwa baba, kama inavyotakiwa. Nilimwona kwa macho yangu. Nilijua ni yeye. Na mdomo ukagoma. Akaita mara ya pili, watu wakaanza kunitazama. Yule bibi wa mpaka wa shamba, aliyekuwa amerudi kuchukua karatasi yake, akanisukuma mgongoni: "Mwanangu, si weye huyo?" Mzee Shaame akapiga fimbo sakafuni, akavuta pumzi kwa mara ya tatu, na ndipo nikatoa sauti ambayo si naam wala si kilio. Akaniambia kwa meno, "Ungenifanya nimrudishe nduguyo kwa hesabu ya pumzi moja."

Mambo ya kortini hayakuchukua hata muda wa kunywa kahawa. Jirani aliyetolewa jino alisimama akasema ametoka msikitini sasa hivi na ametosheka na siku alizokaa Faki, amesamehe. Hakimu akafunga faili. Faki akatoka amekonda, anacheka, anapunga mkono kama bwana harusi.

Tulirudi Vitongoji kwa miguu. Yeye alizungumza njia nzima.

"Kaka, unajua leo nimechekesha watu? Nilisikia naitwa, nikaitikia mpaka ukuta ukatikisika. Yule askari wa bara akaniuliza, 'Unamwitikia nani? Korti nzima iko msikitini.' Nikamwambia weye husikii? Ntu anaita kwa jina la mama kabisa! Nikasema, ah, leo Serikali imekuwa ya kina mama!"

Akacheka mpaka akasimama. Nikamwambia twende, mama anangoja.

Kwa nini sikumwambia? Ilikuwa njia ya saa mbili. Ningeweza kumwambia tupite kwa shehe asomewe dua, itolewe sadaka, ichinjwe hata kuku. Nilijiambia kwamba nitamtia hofu bure mtu aliyetoka kifungoni leo. Ukweli ni kwamba ningemwambia alivyoitwa ingenibidi nimwambie kwamba mimi niliitwa mbele yake.

Jumamosi ikapita. Jumapili ikapita. Faki akala, akalala, akaenda kumwomba radhi jirani na mtungi wa asali. Mama akarudi kula wali. Mimi ndiye niliyekuwa silali. Kila akikohoa nainuka. Kila mtu akimwita nje nakimbilia mlangoni kuona ni nani. Mama akaniuliza, "Weye ndiye uliyetoka jela au mwenzio?"

Jumatano, baada ya kula, tulikuwa tunaezeka banda la mama. Mimi nilikuwa juu ya paa nafunga makuti, Faki yuko chini ananirushia. Tulikuwa tunabishana kuhusu kamba, yeye anasema nafunga kama mwanamke anayesuka nywele. Katikati ya maneno akanyamaza. Akageuza kichwa upande wa njia.

"Naam," akasema.

Mimi sikusikia kitu. Nakuapia, hakuna kitu nilichosikia.

"Nani kakuita?" nikamuuliza kutoka juu.

"Naitwa," akasema, tena kwa wepesi, kama mtu anayekwenda kuchukua kitu dukani. Akaweka kuti chini, akajifuta mikono, akatoka.

"Faki, ngoja! Faki!"

Hapo nilipiga kelele. Hapo sauti ilinitoka. Niliruka kutoka paani nikateguka mguu, nikamfuata nikichechemea. Haikuwa mbali. Alikuwa amekaa ukingoni mwa njia ya gari, mgongo kwenye mnazi, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja benchi. Macho yalikuwa wazi. Hakuwa na jeraha, hakuwa na povu. Daktari wa mjini alikuja siku ya pili, akaniambia ni moyo, na mimi sina elimu ya kumbishia daktari.

Walimzika alasiri ya siku ile ya pili. Watu wa pande zote mbili walikuja, hata wale waliokuwa hawazikani, na jirani asiye na jino alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza. Tulipokwisha kufukia, watu wakachutama, shehe akakaa kichwani kusoma talkini. Nilijua jina litakalofuata. Niliondoka. Nilimwacha mdogo wangu wa pekee anasomewa na mimi natembea nikiwapa watu mgongo, na macho yao nayasikia mpaka leo. Mtu wa damu haondoki kwenye talkini. Haijawahi kutokea kijijini kwetu.

Usiku wa tatu wa matanga mama akaniuliza kwa nini. Nikamweleza yote, sikubakisha. Alinisikiliza hali ameshika tasbihi, haitembezi.

"Akakuita weye kwanza," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mara tatu."

"Mara tatu."

"Na mwenzio mara moja."

"Mara moja, mama."

Akaanza kuivuta tasbihi.

Tangu usiku ule mama hakuniita tena kwa jina langu. Aliishi miaka kumi na minne baada ya hapo, tukala chungu kimoja, nikamuuguza mwenyewe kwa mikono yangu, na jina langu halikutoka kinywani mwake. Akinitaka, alinijia akanigusa bega. Alipokuwa hawezi kuinuka, aligonga kitanda. Siku aliyokata roho alinitazama, midomo ikatikisika, nikainama kusikiliza, akaufunga mdomo akautoa mkono, akanigusa bega. Wapo waliosema alikuwa ananilinda. Mimi niliyekuwa naye sikuwahi kuwa na ujasiri wa kumuuliza kama ni hivyo.

Mke wangu alikuja kunizoea, akawa hunijia karibu kabla ya kusema. Wajukuu hunidhania kiziwi. Mzee Shaame, aliyekwishafariki Mungu amrehemu, nilimuuliza mara moja kama Ijumaa ile kulikuwa na tarishi mwengine mwenye zamu. Akaniangalia sana. Akasema, "Usiniulize habari za saa hiyo. Unadhani mie na uzee huu nakimbilia msikitini mapema kwa ucha Mungu?"

Sasa nikuusie, nawe wasia huu usiupuuze kwa kuwa mwenye kuutoa ni mtu wa darasa la nne. Kwamba usiitike mwito wa usiyemwona, hayo ulikwishaambiwa na bibi yako, mimi sina la kuongeza. Wasia wangu ni mwengine. Siku utakayoitwa ukanyamaza ukasalimika, usidhani mwito umeisha. Daftari lina kurasa. Tazama ni nani yuko karibu nawe ambaye hakufunzwa kungoja, na umpigie kelele, hata kama unahisi kelele hiyo itahesabiwa kuwa umeitikia wewe. Piga tu. Mimi niling'ata kofia, na ndiyo maana nipo hapa kukusimulia, na Faki hayupo.